Chupa Tatu za Vifuniko Vyeupe

Homa Bay
8 Machi 1994

Ndugu yangu Maroa,

Salamu kutoka ziwani, ambako joto limetukaba tangu Januari. Usikunje uso, Mwalimu. Najua barua yangu ya mwisho ilikuwa ya Krismasi ya mwaka juzi, tena ilikuwa kadi tu. Leo nimekuja na ombi, na ombi lenyewe linahusu nyumba yako.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikunyang'anya vyombo katika maabara ya sekondari, kule Migori, mpaka ukanibandika jina la Daktari? Udaktari sikuupata, lakini nimeukaribia. Maabara yetu ya maji hapa Homa Bay imeingizwa katika mradi wa kupima iodini. Sisi tunateka maji ya ziwa, wenzetu wa Mombasa wanateka ya bahari, nami nikashikilia kwamba lazima yawepo na maji ya Ntimaru. Nilishikilia kwa sababu ya shingo ya wifi yangu Nyamoita, na shingo za akina mama niliowaona siku ya harusi yenu.

Watu watakuuliza, kwa hiyo soma vizuri. Iodini ziko mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, ile ambayo mwili unaitaka. Ikikosekana shingo huvimba, na mama mjamzito akiikosa, mtoto tumboni huumia ubongo na masikio. Ya pili ni yenye mnururisho. Ilitoka kwenye majaribio ya mabomu na viwanda vya nyuklia vya nchi za mbali, ikatawanyika hewani, na mpaka leo inashuka na mvua. Kwetu ni kidogo mno na haimdhuru mtu, kwa hiyo tafadhali usiache uvumi uanze kwamba kuna bomu kisimani. Ile ya kawaida itapimwa Nairobi kwa wiki chache. Ya pili inataka mashine iliyo ng'ambo, na foleni yake ni ya mwaka mmoja au miwili.

Nakutumia chupa sita za plastiki zenye vifuniko vya bluu. Chagua chemchemi tatu, uteke chupa mbili kila moja, siku moja. Suuza kila chupa mara tatu kwa maji yale yale ya chemchemi, usitie sabuni, ujaze mpaka ukingoni. Usitumie chombo kingine, hata kiwe safi namna gani.

Juni kamati itaamua ni lokesheni zipi zitapewa vidonge vya mafuta ya iodini. Maji yakionekana hayana ya kutosha, mnapata. Kidonge kimoja kinamtosha mtu mwaka mzima. Chumvi ya paketi nayo ina iodini, lakini najua mnanunua ile ya kupimwa kwa kikombe, na hiyo haina kitu. Fanya haraka, ndugu yangu.

Msalimie sana wifi.

Dorine Awuor


Ntimaru
27 Machi 1994

Daktari,

Ero kamano, asante kwa lugha yenu, kwa barua na kwa heshima ya kunifanya mtu wa sayansi tena. Darasa la saba wananitazama kwa macho mengine tangu waone lile boksi lako mezani.

Maji yako tayari. Nimeteka chemchemi ya Shule, ya Mlimani na ya kwa Mzee Gati, zote siku moja, Jumamosi wakati ninyi Waadventista mko kanisani mkituombea. Nimesuuza mara tatu, nimejaza mpaka ukingoni, na kila chupa nimeiandika namba. Utaona tatu zina vifuniko vyeupe. Vile vya bluu vilipasuka njiani, nikatafuta vingine vya kuzibia. Usitie shaka.

Nilichelewa kidogo kwa kuwa mama mkwe alitutembelea na wenzake wawili. Unajua mambo yetu. Mimi na yeye hatukai chumba kimoja wala hatutazamani usoni, na akikisifu kitu nyumbani mwangu basi kimekwisha kuwa chake, siwezi kufungua mdomo. Nilikaa siku mbili nyuma ya ghala la mahindi nikisahihisha madaftari kama mtu aliyefukuzwa kwake. Alisifu kuku, akasifu taa, na Mungu alinisaidia hakuiona redio.

Nyamoita anakusalimu. Shingo yake iko vile vile, labda imeongezeka kidogo. Sasa anajifunga kitambaa hata akienda shambani. Mimba mbili zimetoka, Dorine, na mama yangu ameanza kuuliza maswali ambayo sipendi kuyasikia. Hicho kidonge, kama kweli kinasaidia, ndicho ninachokingoja.

Ndugu yako,
Maroa


Homa Bay
30 Juni 1994

Ndugu Maroa,

Nakuandikia kwa haraka, gari la ofisi linaondoka. Majibu ya iodini ya kawaida yamefika kutoka Nairobi. Kiwango cha chini ambacho kamati imekubali ni mikrogramu tano kwa lita. Wastani wa Ntimaru umetoka ishirini na mbili! Ziwa letu lenyewe halikufika nane. Maji yenu yako sawa kabisa, na bosi wangu anasema huenda ni mwamba wa huko ndio unaoyatajirisha.

Kwa hiyo Ntimaru haimo katika orodha ya vidonge. Najua ulikuwa ukiingoja habari nyingine, lakini hii ndiyo njema zaidi. Hata ile chumvi yenu ya kikombe haina neno. Shingo ya wifi itakuwa na sababu yake nyingine, mpeleke hospitali wamtazame.

Ripoti nimeikabidhi jana, na mimi nimechaguliwa kwenda kwenye kozi Nairobi, miezi tisa. Nimefurahi mpaka naogopa. Niombee.

Dorine


Ntimaru
19 Julai 1994

Dada Dorine,

Hongera kwa kozi. Nilijua wewe hutazeekea kwenye kuosha chupa.

Kuhusu majibu, tumeyapokea. Nilikuwa na neno la kukuambia juu ya zile chupa, lakini nikilitazama si kubwa, na ripoti umekwisha kuikabidhi, basi lipite.

Nyamoita ni mjamzito tena, mwezi wa pili. Safari hii hatujamwambia mtu isipokuwa wewe. Juzi alisikia kwamba lokesheni ya jirani watagawiwa vidonge mwezi ujao, akataka aende akajipange foleni kama mtu wa kule. Nilimkataza. Nilimwonyesha barua yako, nikamwambia kipimo ni kipimo, maji yetu ni mazuri kuliko ya ziwa, kwa nini aende kuiba haki ya wengine? Akainua ndoo yake akaenda mtoni. Mke wa mwalimu hupata taabu, kila siku yuko darasani.

Hospitali ni mbali na barabara imeharibika. Tutakwenda mvua zikipungua.

Maroa


Ntimaru
21 Februari 1995

Daktari wetu,

Amezaliwa! Msichana, tarehe kumi, saa nne asubuhi, na mama yake mzima. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kucheka na kulia na kutafuta viatu vyake kwa wakati mmoja.

Jina la kwetu wazee watampa. La kanisani tulimwachia Nyamoita achague, akasema Dorine. Anasema wewe ndiye mtu pekee wa mbali aliyewahi kuiuliza shingo yake habari. Natumai hutatutoza kodi ya jina.

Ni mtoto mtulivu ajabu. Halii hovyo. Jana sufuria ilianguka sakafuni ikapiga kelele mpaka mbwa akakimbia, na yeye akaendelea na usingizi wake. Mama yangu anasema huyo amekuja na moyo wa kizee.

Njoo umwone wajina wako kozi ikiisha.

Maroa


Nairobi
9 Machi 1995

Ndugu Maroa na wifi Nyamoita,

Nimeisoma barua yenu bwenini, nikalia mbele ya wenzangu wote bila aibu. Sina mtoto, na sikutegemea kuliona jina langu likitembea duniani bila mimi. Natuma shali na sabuni za mtoto kwa basi la Migori. Mtazichukua kwa wakala pale stendi.

Nitakuja. Nimesema.

Dorine mkubwa


Homa Bay
14 Februari 1996

Maroa,

Ni mwaka sasa na sijaja, na leo siandiki kuomba radhi kwa hilo.

Majibu ya ile iodini ya pili yamefika kutoka ng'ambo. Nimeyasoma tangu asubuhi na chai yangu imepoa mara tatu. Vumilia nikueleze.

Mvua yote inayonyesha siku hizi ina alama ya ile iodini yenye mnururisho. Ni chembe tu, lakini mashine ile inaziona. Maji ya ziwa letu yana alama hiyo. Hata bahari ya Mombasa inayo, ingawa hafifu, kwa kuwa bahari ina iodini ya zamani nyingi mno. Chemchemi zenu zinalishwa na mvua, kwa hiyo lazima alama iwe kali. Na chupa zako tatu, zile za vifuniko vya bluu, zinayo kama nilivyotarajia.

Zile tatu za vifuniko vyeupe zina iodini tele ambayo karibu yote haina alama. Iodini hiyo haikunyesha kutoka mbinguni. Ni iodini iliyochimbwa ardhini, iliyokaa huko tangu kabla ya mabomu, kama ile wanayotengenezea dawa viwandani. Haikutoka kwenye chemchemi yoyote ya Ntimaru. Mtu aliiweka humo, au chupa zilikuwa nayo.

Uliniandikia kwamba ni vifuniko tu vilivyobadilishwa. Zile chupa zilitoka wapi? Niambie ukweli, hata uwe namna gani. Na uniambie wajina wangu anaendeleaje, maana tangu Agosti barua zako hazimtaji.

Dorine


Ntimaru
3 Machi 1996

Dada Dorine,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Safari hii sitaichana.

Mama mkwe alipokuja mwaka ule, alilikuta boksi lako mezani. Chupa nzuri za lita moja, zenye kifuniko kinachobana, huku kwetu ni mali. Hazivuji maziwa hata ukizilaza. Akazisifu. Akachukua moja, na kila mwenzake akapewa moja. Ningefanya nini? Kumkatalia mama mkwe mbele ya wenzake ni kumrudisha binti yake nyumbani kwa aibu. Nilikuwa nyuma ya ghala, nikawaona wakishuka na njia wakiwa na chupa za serikali vikapuni, nami nikanyamaza.

Nilitaka kukuandikia unitumie nyingine. Lakini ulisema haraka, ulisema Juni, na niliona haya uje ujue kwamba mwalimu mzima ameshindwa kutunza chupa sita kwa wiki moja. Nikaenda zahanati kwa Mochama, yule mhudumu wa dawa. Akanipa tatu tupu, za plastiki, vifuniko vyeupe. Zilikuwa za ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia, ile inayowasha. Nilijua ni iodini, Dorine. Nilikuwa nawe darasani. Nikaziosha kwa maji ya moto mara tano, mpaka rangi ikaisha na harufu ikaisha. Nikajiambia zimetakata. Sikujua kwamba plastiki huinywa dawa ile na kuitema polepole. Lakini wewe uliniandikia wazi nisitumie chombo kingine, kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya kutojua.

Majibu yako yalipokuja, moyo uliniuma siku moja. Siku ya pili nikayaamini, kwa sababu yalinipendeza. Nikamkataza mke wangu kwenda kwenye foleni ya vidonge akiwa na mimba changa.

Sasa nikujibu juu ya mtoto. Ana mwaka mmoja na wiki tatu. Hakai bila kuegemezwa. Ulimi wake mzito, hauingii wote kinywani. Nimepiga debe nyuma yake, nimepiga kengele ya shule karibu na kisogo chake, hageuki. Hospitali ya Migori walituuliza maji na chumvi tunayotumia, wakaishika shingo ya mama yake, wakasema tungekuja kabla hajazaliwa. Wamempa dawa ya kunywa kila siku. Ataongeza nguvu, wanasema, lakini masikio hayatarudi.

Nimemharibu mwanangu kwa kuogopa aibu ya chupa tatu. Nyamoita hajui. Anadhani ni Mungu, na mama yangu anamwambia ni yeye. Kila nikitaka kumwambia, namwona akimwimbia mtoto ambaye hamsikii, natoka nje.

Maroa


Homa Bay
12 Machi 1996

Maroa, ndugu yangu,

Acha nikusimamishe hapo kabla hujaubeba mzigo wote. Sehemu yake ni yangu, na nimeificha muda mrefu kama wewe.

Nilikuandikia wastani ni ishirini na mbili. Sikukuandikia namba zenyewe. Chupa za bluu zilitoka moja, moja na mbili. Za vifuniko vyeupe zilitoka arobaini, arobaini na tatu na arobaini na tano. Chemchemi moja, siku moja, mkono mmoja, na chupa moja inasema hamna kitu na nyingine inakaribia maji ya bahari. Hata mtoto wako wa darasa la saba angeuliza. Mimi niliuliza, kwa sauti ndogo, bosi akasema ripoti inatakiwa kesho, weka wastani. Ningeweza kugoma. Ningeweza kupanda gari nije mwenyewe na chupa sita nyingine, ni safari ya siku moja. Lakini jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kozi, na mtu anayechelewesha ripoti hapelekwi kozi. Nikaandika ishirini na mbili kwa kalamu yangu. Kisha nikakwambia hata chumvi yenu haina neno.

Nimekuwa nikisema kwamba sijaja kwa sababu ya kazi. Uongo. Nilikuwa naogopa kuiona shingo ya Nyamoita nikiwa na namba zile kichwani.

Jana nimeandika barua rasmi kwa kamati, nimetaja vyote, chupa, wastani na jina langu. Bosi hanisemeshi. Pengine nitapoteza kazi, na leo hilo haliniumi sana. Vidonge vya Ntimaru vimeahidiwa kabla ya Pasaka. Pamoja na barua hii nimefunga paketi kumi za chumvi.

Mwambie Nyamoita. Asiendelee kusikia ni yeye. Na kama mtataka kumbadilishia mtoto jina, mbadilishieni, sitauliza.

Dorine


Ntimaru
8 Aprili 1996

Wifi Dorine,

Mimi si mwalimu. Niliachia darasa la sita, na Kiswahili changu ni cha soko la Isebania, basi vumilia. Siku zote nilikuwa natuma salamu ndani ya barua ya mtu mwingine. Leo naandika yangu.

Maroa aliniwekea barua zako zote na nakala za zake mezani, akatoka akaenda kukaa nyuma ya ghala. Nimezisoma siku mbili. Nimelia, nimevunja chungu kimoja, nimerudi nikasoma tena.

Mmeandikiana miaka miwili juu ya shingo yangu. Mmoja anaficha huku, mwingine anaficha kule, na mashine ya ng'ambo ikatumwa kutafuta chupa zilitoka wapi. Wifi, mimi nilijua zilitoka wapi. Mimi ndiye niliyempa mama yangu zile za bluu kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyemchemshia Maroa maji ya kuoshea zile za Mochama, na nilimwambia bado zinanuka dawa. Akasema pua yangu ni ya mimba. Mimba yenyewe haikuwepo. Hakuna aliyeniambia chupa ni za kazi gani. Ningejua ni za kidonge changu, ningemfuata mama yangu barabarani nimnyang'anye, hata anilaani.

Nimekasirika. Sitasema sijakasirika. Maroa anakula chakula chake peke yake mpaka moyo wangu upoe, na wewe ungekuwa karibu ungekula naye.

Vidonge vimekuja Alhamisi. Nimemeza changu nikiwa wa kwanza kwenye mstari, mbele ya mama mkwe wangu, nikamweleza kwa sauti kila mtu asikie kwamba haikuwa tumbo langu lenye kosa. Chumvi yako nimewagawia majirani, kila nyumba paketi moja, moja nimebakisha.

Jina halibadilishwi. Nililichagua mimi, na mtoto amekwisha kulizoea kwa njia yake. Nikimwita namgusa kifuani hapa, yeye anacheka. Wiki hii amekaa mwenyewe, bila kuegemea, muda wa kumenya ndizi tatu.

Ulisema utakuja na hukuja. Njoo sasa. Usilete kitu, usilete maneno ya msamaha mengi, hayo tutayaongea mimi na wewe tukichambua mboga. Ila ukifika, usimwite kutoka mlangoni kama wanavyofanya wageni, halafu usimame pale unangoja ageuke. Ingia mpaka ndani, ukae chini mbele yake, umguse kifuani, na ungoje akutazame.

Mimi,
Nyamoita, mama yake Dorine